Kidonge cha Muntu Moja

Odette alitazama kushoto, akatazama kulia kama mtu anayevusha sukari ya magendo, kisha akapandisha kitenge chake juu ya goti, na juu zaidi. Ilikuwa saa sita mchana katika soko la Kamembe, na soko lilijaa hata nzi walikuwa wanapigana vikumbo. Lakini nyuma ya meza yao, kati ya ukuta na magunia ya viazi, palikuwa na upenyo wa kuitosha siri ya wanawake wawili.

"Gusa," akasema.

Mukarugwiza akagusa. Upande wa nje wa paja kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa parachichi changa, hakiumi, hakisogei. Akautoa mkono upesi. Alikifahamu kitu cha namna hiyo, kwani kingine kama hicho kilikwisha kukaa tumboni mwake yeye mwenyewe, mpaka madaktari walipokitoa kwa kisu wakamwambia, kwa sauti ile ya watu wanaotazama karatasi badala ya uso, kwamba mama ametoka lakini ameacha watoto kwenye ini.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilifikiri ni juu ya ndoo, inanigongaka hapa kila siku."

Kila asubuhi Odette alivuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu na ndoo ya sambaza kavu, dagaa wa ziwani, na jioni akarudi nayo ikiwa na nyanya. Alisimulia kwamba mganga wa majani huko kwao Kadutu alikwisha kusema ni karuho, sumu ya watu wenye wivu, ambayo Bukavu nzima inaiogopa kuliko radi. Akampa majivu ya kupaka. Majivu yaliisha, parachichi likaendelea kukua. Akashusha kitenge, akakaa, ndipo akalitoa lile lililomleta.

"Ile dawa yako, Maman Gisa. Ile iliyokuponya."

Mukarugwiza alimwambia haijamponya, inamshikilia tu, kama kamba inavyomshikilia mbuzi. Lakini alisema hivyo huku mkono wake umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni, ilipokuwa chupa. Chupa moja kwa mwezi, kidonge kimoja kwa siku, pamoja na chakula na bilauri nzima ya maji. Dawa yenyewe ilikuwa zawadi kutoka ng'ambo ambako hakufikiki kwa ndoo, na siku ya kwanza aliwekewa karatasi, akabonyeza dole gumba: dawa hii ni yake, haiuzwi, haitolewi kwa mwingine.

Sasa, waliotengeneza karatasi ile hawakuwahi kukaa kwenye meza hii. Mukarugwiza na Odette walianza kugawana kwenye dawati la shule ya masista huko Kadutu, wakati Mukarugwiza alikuwa mtoto wa wakimbizi, na tangu walipokutana tena sokoni hapa, miaka zaidi ya ishirini sasa, hakuna kilichopita mdomoni mwa mmoja bila kumegwa. Andazi lilipasuliwa. Yai lilikatwa kwa uzi. Inasimuliwa kwamba mwaka fulani nyuki alimuuma Odette, akavimba Mukarugwiza. Na katika nchi hizi zetu, muntu anayetia kitu kinywani mbele ya mwenzake bila kumpa ana jina lake, na jina hilo halitajwi mchana. Anayegawa huonja kwanza, ili uone kwamba hakuna karuho ndani, kisha hukupa. Kwa hiyo tangu aanze dawa, kila adhuhuri Mukarugwiza alikuwa akimeza kidonge chake peke yake, rafiki yake akimtazama, na kila adhuhuri aibu ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, pana zaidi ya kidonge chenyewe.

Kukikata nesi alikataza. Kukisaga alikataza pia.

"Leo weye, kesho miye," akasema Mukarugwiza.

Akakifungua kifuniko. Kidonge kilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu. Akakigusisha kwenye ncha ya ulimi wake, kama ada inavyotaka, akampa Odette.

*

Basi dawa ikaanza kufanya kazi yake kwa zamu. Kama mnataka kujua jinsi shetani anavyoandika kwa mwandiko mzuri, tazameni macho.

Kidonge kile kilikuwa na tabia ya kujaza maji chini ya macho. Tangu akianze, Mukarugwiza alikuwa na kope zilizovimba kama mandazi ya siku ya pili, na wauza vitunguu wa meza ya jirani walimwita Mama Kesha, wakimuuliza jana alikesha na nani, maana mume wake wanamjua. Alipoanza kumeza siku moja na kuacha siku moja, kope zikashuka. Misuli ya miguu ikaacha kumkaza alfajiri. Chakula kikarudi kuwa na ladha. Watu wakamsifu, wakamwambia amezaliwa upya, akanunua hata kilemba cha njano. Na upande wa pili wa meza, macho ya Odette yakaanza kuvimba.

"Unaona?" Odette alisema, akijitazama kwenye kioo cha simu. "Imenikubali."

Parachichi la pajani halikukubali lolote. Lilikua. Lakini Odette alikuwa na maelezo, kwani mtu anayengoja kupona hakosi maelezo: jipu huvimba kwanza, ndipo linapasuka. Mukarugwiza aliitikia. Nani angekataa? Mwisho wa kila mwezi chupa ilikuwa tupu, tupu kabisa kama inavyotakiwa, na alipoipeleka kituo cha afya kubadilishiwa, nesi aliitikisa, akasikia haina kitu, akampongeza kwa nidhamu.

Jambo lile alilisema mara moja tu, nalo alimwambia mume wake. Mzee Wenceslas alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye machimbo ya mawe ya saruji kule Muganza, mtu wa baruti. Ile ya mwisho aliyoiwasha, yeye mwenyewe husimulia, iliwafanya kuku wa Rwimbogo watage mayai mawili mawili kwa hofu, na waliolipa ni masikio yake. Tangu hapo anasikia kile tu alichokwisha kukisikia zamani. Gisa, mtoto wao, hupiga simu kutoka Kigali kila Jumapili, na mzee huishika simu, husema "ndiyo, ndiyo, salimia wote," kisha humrudishia mkewe.

Mchana mmoja wa mvua, nyumbani kwao Mururu, Wenceslas alikuwa ameketi kibarazani akifunga mpini wa jembe, amempa mgongo. Mukarugwiza akasimama nyuma yake akasema yote, kwa sauti ya kawaida, tangu paja hadi zamu. Akasema anaogopa. Akasema wakati mwingine, siku zile zisizo zake, anahisi kitu kinageuka ubavuni kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulala. Mvua ilikuwa inapiga bati. Alipomaliza, mzee aligeuka, akamwona amesimama pale, akatabasamu.

"Njaa?" akauliza.

*

Mwezi wa tano wa zamu, ilifika tarehe ya kupigwa picha ya ini. Hospitali ya saratani iko kaskazini, safari ya siku nzima, na nusu ya safari ni msitu wa Nyungwe, ambako baridi ni kali hata nyani hukaa kando ya lami wakingoja moshi wa magari wapashe mikono. Walikwenda wote wawili, yeye na mumewe, kwa sababu karatasi ya hospitali ilidai asindikizwe. Wenceslas alikaa dirishani akifurahia kila kitu. Mukarugwiza, katikati ya msitu, alikuwa akifanya mazoezi ya jibu. *Kila siku, Dokta. Sikuruka hata moja.* Alilirudia mpaka likawa laini mdomoni.

Dokta Gaju alikuwa msichana tu, umri wa Gisa, lakini alikulia Uvira na Kiswahili chake hakikuwa cha kuazima. Aliigeuza kompyuta ili waone. Ini lilionekana kama shamba lililopigwa picha na mtu aliye juu ya mti, na ndani yake mawe matatu meusi. Miezi sita iliyopita yalikuwa madogo, alisema, na yalikuwa yanazidi kuwa madogo. Sasa hili, na hili, yamekua.

"Mama, umekuwa unameza kila siku?"

"Kila siku, Dokta. Sikuruka hata moja." Na akaweka chupa tupu mezani, kama shahidi.

Dokta hakuitikisa. Akauliza nyumbani wanalima nini. Mukarugwiza, aliyeona swali limepotea njia, akasema zamani, mzee alipokuwa machimboni, walikuwa na vipande vya mpunga kule bondeni. Basi unaijua milango ya mifereji, dokta akasema. Akaeleza kwamba kila seli ya mwili ina milango kwenye ngozi yake, na mmojawapo kazi yake ni kufunguka seli inapohitajika izaane, kisha kujifunga. Katika uvimbe wa Mukarugwiza mlango huo ulivunjika ukiwa wazi. Hakuna aliyeufungua na hakuna wa kuufunga. Maji yanaingia mchana na usiku, shamba linafurika. Kile kipande walichokikata siku ya kwanza na kukipeleka maabara, walikipeleka ili kuutazama ufa huo, umekaa wapi na una umbo gani. Na kidonge ni ubao uliochongwa kwa umbo la ufa huo. Kinaingia pale, kinakaa, maji yanasimama. Kesho yake kimeyeyuka, unaweka kingine.

"Sasa nisikilize," akasema Dokta Gaju. "Kama umeweka ubao kila siku na maji bado yanapita, maana yake mlango umebadilika umbo. Inatokea. Hapo ubao huu hauna kazi tena, nitauondoa. Kuna wa pili, ila hapa hatunao. Nitaandika barua ya kuuomba, lakini barua hizo zina miguu mifupi."

Mukarugwiza alitazama chupa yake. Alikuwa ameileta imtetee, nayo sasa inamtia kitanzi. Akisema kweli, kuna karatasi yenye dole gumba lake. Akishikilia uongo, dawa inaondolewa kwa sababu amekuwa mwaminifu kupita kiasi. Kando yake Wenceslas alikuwa anatazama mawe meusi kwa jicho la fundi, kama anayepanga pa kutoboa.

Dokta aliinua kalamu, kisha akaishusha. Alikuwa anamtazama usoni.

"Macho yako yalikuwa yamevimba, bibi mukecuru. Niliandika hapa. Mbona yamepona?"

Hata Wenceslas aliyaacha mawe yake, akageuka.

"Tulikuwa tunagawa," akasema Mukarugwiza. "Siku moja yangu, siku moja ya mwenzangu. Iko na kitu kwenye muguu. Dokta, singeweza kumeza akiniangalia."

Dokta Gaju alivua miwani akaisugua kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. Aliposema, alisema polepole. Alisema hajui kama amgombeze au amshukuru, kwa sababu kati ya majibu mawili, la kwanza ndilo lililokuwa linamuua. Kama dawa ilikuwa inakuja nusu, huenda mlango ni ule ule. Mukarugwiza atarudi kwenye dozi kamili, na baada ya miezi mitatu picha itasema. Karatasi yenye dole gumba, daktari mwenyewe ataizungumzia kwa wakubwa. Lakini kuanzia sasa mgonjwa atameza mbele ya shahidi, na shahidi atatia alama kwenye kadi, na kadi itakuja hapa.

"Na mwenzangu?"

"Saratani za nyama laini ziko zaidi ya hamsini, Mama. Zinafanana kwa nje kama mapacha, ila kila moja ina mlango wake, na nyingine mlango wake hatuujui. Ya pajani, ninavyodhani, haina ufa huu wako. Ulikuwa unampa ubao uliopimwa kwa mfereji wa mtu mwingine. Anahitaji kukatwa kipande kitazamwe, halafu pengine kisu, mapema."

"Mapema ni lini?"

"Mapema ilikuwa miezi mitano iliyopita."

Akamwandikia Odette barua, akaipiga muhuri. Kisha, kwa kuwa shahidi aliyekuwepo hakusikia lolote, akaandika kwenye karatasi nyingine yote yaliyotokea, mistari sita, akampa Wenceslas. Mzee aliisoma mara mbili. Basi lilipoingia tena msituni alizungumza, na abiria wote wakageuka, maana hajui sauti yake ina ukubwa gani.

"Ulikuwa unakufa nusu nusu," akasema, "na hukuniambia."

"Nilikuambia," akasema Mukarugwiza.

Mzee alimtazama mdomo, akingoja maneno mengine.

*

Odette aliisikiliza habari nzima akipanga sambaza zake, vichwa upande mmoja, bila kuinua uso. Mukarugwiza alieleza mlango, akaeleza ufa, akaeleza ubao. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kufanana na uongo. Akaisogeza barua juu ya meza. Akasema, "Nimekuchelewesha, ndugu yangu. Ulipaswa kwenda kwa bamunganga ba hospitali tangu mwezi ule wa kwanza, miye nikakupa cha kwangu."

"Ulinipa, sawa." Odette alikuwa bado anapanga. "Miezi tano macho yangu ikavimba, ulisema nini? Ulisema imenikubali."

"Ni weye ulisema."

"Na weye ulinyamaza." Sasa akainua uso, na mifuko ya macho ilikuwa bado ipo. "Sema tu kama umechoka kunigawia. Hizo za milango, waambie batoto. Dawa moja, tumbo yako inaijua, muguu yangu haiijui? Mwili iko na mataifa?"

Mukarugwiza akasema ndivyo alivyoambiwa.

"Muntu anayekulaka yeye peke yake," akasema Odette taratibu, ili na wauza vitunguu wasikie, "tunajua jina yake."

Akamimina sambaza kwenye ndoo, zikavunjika. Akahamia upande wa pili wa soko, kwa wauza sabuni, na barua akaiacha juu ya meza pamoja na magamba.

Tangu siku hiyo meza ikawa ndefu. Mukarugwiza hakujua ilikuwa ndefu hivyo. Alijaribu kutandaza nyanya zake ziijaze yote, zikaonekana chache, akazirudisha upande wake. Mchana alinunua andazi, akalipasua vipande viwili kabla hajakumbuka, akabaki navyo, kimoja kila mkono.

Na saa sita kamili, kila siku ya Mungu, shahidi alifika. Wenceslas alipanda pikipiki kutoka Mururu, kadi kwenye mfuko wa shati, penseli nyuma ya sikio ambalo angalau lilipata kazi. Alisimama mbele ya mkewe kama askari wa mpakani.

"Meza!" Alidhani ananong'ona. "Sasa fungua. Inua ulimi. Juu zaidi!"

Soko zima lilisimamisha biashara. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, amefungua kinywa juani, anainua ulimi, mzee anachungulia mpaka kwenye magego, kisha anachora mstari kwenye kadi. Wauza vitunguu walipata riziki mpya. Wakimwona mzee anateremka kwenye pikipiki walianza kuimba, inua ulimi, inua ulimi, na siku moja hata dereva wa pikipiki aliomba naye achungulie, kwa kuwa amemleta. Macho yakaanza kuvimba upya. Miguu ikakaza. Mukarugwiza alivumilia. Kilichomshinda si kicheko. Kilichomshinda ni kwamba kati ya sauti zote zile, kule kwa wauza sabuni, sauti moja haikuwa inacheka.

*

Barua alikuwa ameifuta magamba na kuiweka ndani ya Biblia. Wiki mbili zilipita. Yeye mwenyewe asingepokelewa, alijua. Na kumtuma mtu mwingine ni kutangaza paja la mwenzake. Basi akaandika kwenye karatasi, akamwonyesha mumewe: *Mpelekee Odette hii. Usirudi nayo.*

Mjumbe mzuri kuliko yule hajazaliwa. Wenceslas alivuka daraja na jeto yake ya siku moja, kile kibali cha mpakani, akapanda vilima vya Kadutu, akabisha hodi ambayo hakusikia kama imeitikiwa. Odette alimpokea kwa yote aliyokuwa ameyaweka tangu siku ile ya sambaza. Alianza na mkewe, akapita kwa wazazi wa mkewe, akamaliza na masikio. Josiane, binti yake, alisimulia baadaye kwamba majirani walitoka na viti. Mzee aliketi, akaitikia kwa kichwa kwa adabu kila mdomo ulipotulia, akasema "ndiyo, ndiyo." Chai ililetwa kwa mazoea. Ilipofika mbele yake, Odette aliichukua, akaonja yeye kwanza, kama ada, akamsogezea. Alipomaliza kikombe, Wenceslas aliweka barua chini yake.

"Dokta ni msichana mzuri," akapaza sauti mpaka barabarani. "Anasema uende na huo mguu mbele ya watu wa kisu. Mke wangu hali chakula. Ananunua andazi moja, analipasua mbili, halafu hali hata kimoja."

Alirudi Mururu jioni akamwambia mkewe amepokelewa vizuri sana, wamezungumza karibu saa nzima.

Odette hakuonekana tena kwa wauza sabuni. Wiki, mwezi, miezi miwili. Aliyevuka na ndoo alikuwa Josiane, naye alipoulizwa alisema Maman yuko hospitali ya upande wao, wamemkata kipande, wanangoja jibu; halafu, jibu limekuja, ni kitu cha mafuta ya ndani, kina jina refu; halafu, wanamtia kisu Alhamisi. Mukarugwiza alituma nyanya. Nyanya zilipokelewa. Neno halikurudi.

Picha ya Mukarugwiza mwenyewe ilipigwa mwezi wa tatu wa dozi kamili. Mawe meusi yalikuwa matatu vile vile, lakini yamesimama, na moja lilikuwa limeanza kurudi nyuma kama mgeni aliyeona hakaribishwi. Dokta Gaju alisema mlango ni ule ule. Akaihesabu mistari ya penseli kwenye kadi, yote imo, akauliza ni nani huyu shahidi mwenye mkono wa chuma. Mukarugwiza alirudi kupitia msitu ule, akatamani kumwambia mtu habari hii njema. Aliyekuwa kando yake alikuwa amelala. Akaliambia dirisha.

*

Odette alikuja siku ya Ijumaa, bila ndoo. Alipita katikati ya soko kwa gongo moja la kwapani, mguu wa kushoto ukiwa umekakamaa kama mpini, na kila alipopita watu walisogeza vikapu. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yamerudi kuwa yake.

Alifika mezani, akautazama upande wake, uliokuwa mtupu, umefutwa. Akavuta kigoda, akakaa kwa awamu tatu.

"Wametoa nyama mingi," akasema. "Muguu wameniachia. Haikunjike, lakini ni yangu. Mapafu wataangaliaka kila miezi tatu."

"Na hiyo kitu, walisema mapema ingekuwa…"

"Usiulize." Odette alikuwa anatazama nyanya. "Niliuliza miye. Walinijibu. Usiulize."

Kulikuwa na andazi moja mezani, Mukarugwiza akalipasua, akaonja kipande, akakisogeza. Odette akakila chote. Hapo pikipiki ikasimama, na Wenceslas akateremka, penseli sikioni. Alipomwona mgeni alinyoosha mikono yote miwili akampongeza kwa mazungumzo mazuri ya siku ile. Kisha akatoa kadi, akasimama mahali pake.

Mukarugwiza alikitoa kidonge. Kilikaa katikati ya kiganja chake, rangi ya udongo wa kichuguu. Maji yalikuwa tayari. Wauza vitunguu walikuwa tayari. Alikuwa amemeza tisini na zaidi mbele ya soko zima, ulimi juu, na sasa vidole vilijifunga vyenyewe juu ya hiki kimoja. Hakuweza. Kilikuwa kimoja tu, na rafiki yake alikuwa anatazama.

Odette aliutazama mkono ule uliofungwa. Kisha akalichukua gongo, akalisimika chini, akainuka nusu, akakizungusha kigoda kwa ule mguu mzima, kikakwaruza saruji, akakaa tena akiwa ameipa meza mgongo. Uso wake ukaelekea njia ya wapita njia.

"Meza," akasema. "Miye siko hapa."

Mukarugwiza akakiweka ulimini. Mbele yake palikuwa na mgongo uliokonda, na fundo la kilemba, na zaidi ya hapo watu waliokuwa wakinunua vitu vyao na kwenda zao. Akanywa maji, bilauri nzima.

"Imeshuka?" mgongo ukauliza.

"Imeshuka."

Wenceslas, ambaye hakusikia kitu, alimwambia afungue kinywa na ainue ulimi, na soko zima likasikia. Odette alikaa vile vile, akitazama njia, mpaka penseli ilipomaliza mstari wake.